UZI: Kwinoni ikipokea elektroni, bondi ya hidrojeni inafanya nini hasa? Sio kila wimbi likihama ujue protoni imeingia

#1 Mleta mada

Wakuu habari zenu, naleta mada ya kemia na naomba tuvumiliane maana ni ndefu. Kuna kitu nakiona sana kwenye ripoti za wadogo zetu wa chuo wanaofanya miradi ya elektrokemia. Mtu anapima kwinoni yake vizuri, anadondoshea ethanoli kidogo, wimbi kwenye grafu ya mkondo dhidi ya voteji linasogea upande wa chanya, halafu anaandika "kwinoni imepokea protoni" na anafunga ukurasa. Hapo roho inaniuma kwelikweli, maana mara nyingi hakuna protoni (yaani H iliyoacha elektroni yake) iliyohama, ni bondi ya hidrojeni tu (H inabaki kwa mwenyewe ila inavutwa na oksijeni ya jirani), na hiyo tofauti ndio inayoeleza jinsi jani linavyokamata mwanga, jinsi seli inavyopumua, mpaka dawa moja ya malaria inavyomkaba kijidudu.

Kwa wale ambao kemia waliiacha form four: kwinoni ni pete ya kaboni sita yenye oksijeni mbili, kila moja imeshikwa na bondi mbili. Ile ya msingi ni benzokwinoni. Ukiiongezea pete nyingine unapata naftokwinoni, na hiyo mnaijua wote hata kama hamjui jina, maana rangi ya hina mkononi mwa bibi harusi inatoka kwenye lawsoni ambayo ni naftokwinoni yenye OH moja. Kazi ya kwinoni duniani ni kupokea elektroni mbili na kuzitoa tena. Ndio maana mimea, bakteria na sisi wenyewe tunazitumia kubeba elektroni ndani ya seli.

Sasa twende maabara. Chukua benzokwinoni, iyeyushe kwenye asetonitraili iliyokaushwa vizuri, weka chumvi ya kupitisha umeme, toa oksijeni kwa kupitisha naitrojeni au agoni, halafu shusha voteji taratibu kwenye elektrodi ya kaboni na uirudishe ulikotoka. Utaona mawimbi mawili safi. La kwanza linakaa karibu −0.5 V ukilinganisha na elektrodi ya kalomeli (elektrodi ya rejea ya zebaki), hapo kila molekuli imepokea elektroni moja imekuwa semikwinoni yenye chaji hasi moja. La pili linakuja huko chini kwenye −1.1 V na zaidi kidogo, ndio elektroni ya pili inaingia na chaji zinakuwa mbili. Yote mawili yanarudi, maana yake ukigeuza voteji unazichukua elektroni zako na kwinoni inabaki vilevile kama ulivyoiweka.

Kwanini pengo ni kubwa hivyo, zaidi ya nusu volti? Kwa sababu elektroni ya pili inaingia mahali ambapo tayari kuna hasi, inasukumwa, na asetonitraili haina H ya kwenda kuzituliza zile oksijeni.

Hapo ndipo mada yetu inapoanzia. Ongeza alkoholi na ile chaji hasi kwenye oksijeni inapata pa kuegemea. Kwinoni yenyewe kabla ya kupokea elektroni haivutiwi sana na H ya alkoholi, semikwinoni inavutiwa zaidi, na ile yenye chaji mbili inavutiwa mno, inajizungushia molekuli kadhaa za alkoholi kwa pamoja. Kwa hiyo wimbi la kwanza linasogea kidogo kwenda chanya na la pili linasogea sana. Ila yote bado yanarudi! Hakuna kilichovunjika, protoni bado ni mali ya alkoholi. Ukiendelea kuongeza, hasa ukitumia alkoholi kali kama trifluoroethanoli, la pili linalifuata la kwanza mpaka yanakaribia kuungana.

Weka asidi kali sasa uone, hali inabadilika kabisa. Wimbi la zamani halisogei taratibu, linachipuka jipya mbele yake, upande wa chanya, na linakua kadiri unavyoongeza asidi huku la zamani likifa. Hapo ndio protoni imehama kweli.

Kazi iliyoliweka hili wazi kuliko zote kwa maoni yangu ni ya Gupta na Linschitz ya mwaka 1997. Walichukua kwinoni za nguvu tofauti na viongezeo vya nguvu tofauti, kuanzia alkoholi dhaifu mpaka asidi, wakaonyesha wapi ni bondi ya hidrojeni na wapi ni protoni kuhama. Hata kabla yao, Peover mwaka 1962 alishachunguza kwinoni na viyeyushi kwa polarografia (kupima mkondo dhidi ya voteji kwa elektrodi ya tone la zebaki), kwa hiyo swali lenyewe ni la zamani.

Nitaendelea chini, karibuni wenye maswali.

#2 Mchangiaji

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho, hongera. Ila hapa sijaelewa: ukiweka asidi kwanini wimbi la pili linapotea? Kama semikwinoni imepata protoni imekuwa QH (Q ni kwinoni) haina chaji, si ingebaki tu na elektroni yake moja mpaka uifikie voteji ya pili?

#3 Mleta mada

Swali zuri sana mkuu, na jibu lake ndio moyo wa jambo lote.

Semikwinoni ikiwa na chaji hasi ni ngumu kuipa elektroni nyingine, tumeshasema inasukuma. Ikishapata protoni chaji inaondoka, na QH hiyo isiyo na chaji ni rahisi zaidi kuipa elektroni kuliko hata kwinoni uliyoanza nayo. Kwa hiyo kwenye voteji ileile ambayo kwinoni imepokea elektroni ya kwanza, QH inadaka ya pili papo hapo, au QH mbili zinabadilishana zenyewe kwa zenyewe, moja inarudi kuwa kwinoni na nyingine inakuwa hidrokwinoni, yaani kwinoni yenye elektroni mbili na protoni mbili. Njia zote mbili kwenye grafu unaona elektroni mbili kwa mpigo mmoja.

Halafu angalia namba. Ndani ya maji pKa (ikiwa kubwa, protoni imeshikwa zaidi) ya semikwinoni ya benzo yenye protoni ni kama 4.1, ya hidrokwinoni ya kwanza ni kama 9.85 na ya pili 11.4 hivi. Yaani kila elektroni inayoingia inaongeza njaa ya protoni kwa hatua kubwa. Ndio maana kitu kilekile ulichoongeza kinaweza kuwa cha bondi tu kwa semikwinoni halafu kikawa asidi kamili kwa ile yenye chaji mbili. Huwezi kusema "ethanoli ni asidi" au "ethanoli sio asidi" bila kusema mbele ya nani.

#4 Mchangiaji

Samahani wakuu naingilia, mimi nafundisha kidato cha sita huku Mwanza. Vitabu vyetu vinaandika kwinoni + elektroni mbili + protoni mbili = hidrokwinoni, basi, na E° (voteji ya kawaida) 0.699 V. Wanafunzi hawajawahi kusikia habari ya mawimbi mawili. Je vitabu vimedanganya?

#5 Mleta mada

Hapana mwalimu, havijadanganya, vinazungumzia maji yenye bafa, yaani kitu kinachozuia pH isibadilike. Humo protoni zipo za kutosha muda wote na elektroni mbili zinaingia pamoja na protoni mbili, ndio ile 0.699 V kwa elektrodi ya hidrojeni pH ikiwa sifuri na joto 25 °C. Kila pH ikipanda moja voteji inashuka 59 mV, kwa hiyo kwenye pH 7 uko karibu 0.28 V. Inafuata mstari ulionyooka kiasi kwamba Biilmann wa Denmark mwaka 1921 alileta elektrodi ya kwinhidroni ya kupimia pH, yaani unaweka kwinhidroni (molekuli moja ya benzokwinoni kwa moja ya hidrokwinoni) kwenye sampuli, unachovya waya wa platinamu, voteji inakwambia pH. Ilitumika sana kabla elektrodi ya kioo haijaenea. Mwisho wake ni kwenye pH 8 au 9 hivi, juu ya hapo hidrokwinoni inaanza kuachia protoni na inaliwa na oksijeni ya hewa.

Mwalimu ukiwapa wanafunzi hii hesabu ya 59 mV kwa pH na ukawaambia kwamba ukiondoa protoni zote mbili mawimbi yanaachana, watakuwa wameelewa kuliko kukariri mlinganyo.

#6 Mchangiaji

Mkuu mleta mada, naomba niongezee kidogo hapo kwenye maji maana watu wengi wanajikwaa. Umesema maji yenye BAFA. Maji bila bafa ni habari nyingine kabisa. Ukipima benzokwinoni kwenye maji yenye chumvi tu bila bafa, pH sema 7, protoni huru zilizomo ni 10⁻⁷ M wakati kwinoni yako ni 10⁻³ M, sasa hizo protoni mbili kwa kila molekuli zinatoka wapi? Hazipo. Lakini bado unaona wimbi moja la elektroni mbili. Kundi la Diane Smith kule San Diego State walilichambua hili mwaka 2007 wakasema kinachotokea sio lazima ile Q + 2e + 2H ya vitabuni, ni kwamba ile yenye chaji mbili inatulizwa mno na bondi za hidrojeni za maji yenyewe mpaka elektroni ya pili inaingia kirahisi kama ya kwanza, na kinachobaki mle ndani ni mchanganyiko wa zenye protoni na zisizo nazo. Kwa hiyo hata kwenye maji bondi ya hidrojeni ina kazi yake, sio kwenye asetonitraili tu.

Pia kuna ile hali ya katikati, ukiwa na asidi pungufu kuliko kwinoni unaona mawimbi mawili kwenye maji, moja la waliobahatika kupata protoni, jingine la waliokosa.

#7 Mleta mada

Asante sana mkuu #6, hili ndilo nililotaka lije. Na wanafunzi wanaosoma uzi huu washike hapo: mawimbi mawili kwenye maji hayana maana ya elektroni ya kwanza na ya pili, na mawimbi mawili kwenye asetonitraili kavu ndio hiyo maana. Grafu zinafanana kwa macho lakini zinasema mambo tofauti kabisa.

#8 Mchangiaji

Wakuu mimi ni mwanafunzi wa masters, hiki ndicho kinanitesa saa hizi. Nina naftokwinoni kwenye kiyeyushi cha DMSO, naongeza kiongezeo changu, mawimbi yanahama. Msimamizi anataka nimpe namba, ni bondi ngapi na nguvu kiasi gani. Naanzia wapi? Na pia wimbi langu la pili linacheza kila siku, leo liko hapa kesho pale.

#9 Mleta mada

Mdogo wangu nianze na la mwisho. Wimbi la pili kucheza ni maji. DMSO inanyonya unyevu wa hewa balaa, na huku kwetu pwani usiseme. Maji kidogo tu yanatosha kusogeza wimbi la pili, la kwanza hata halistuki. Kausha kiyeyushi, kausha chumvi, fungua chupa chini ya naitrojeni, na kila kipimo weka ferosini mwishoni uwe na alama ya kurejea maana elektrodi ya rejea nayo inahama polepole bila kukuaga. Oksijeni toa kabisa, yenyewe inapokea elektroni inakuwa superoksidi huko kwenye −0.8 V hivi ya kalomeli, katikati kabisa ya eneo lako la kazi, na superoksidi ni besi inakuvurugia kila kitu.

Sasa namba. Kama wimbi linasogea bila kuvunjika, msogeo wa wimbi la kwanza kwenye joto la kawaida ni:

ΔE = 59 mV × log(1 + K·Cⁿ)

K ni nguvu ya kushikana kati ya semikwinoni na kiongezeo, C ni mkolezo wa kiongezeo, n ni molekuli ngapi zimeshika. Hapa tunachukulia kwinoni isiyo na chaji haishiki chochote cha maana, na kiongezeo ni kingi kuliko kwinoni. Kwa wimbi la pili unaweka juu mabano ya ile yenye chaji mbili na chini mabano ya semikwinoni, maana msogeo wake ni tofauti kati ya hao wawili.

Tuchukue namba za mfano tu tuone. Semikwinoni K ni 10 na n ni 1, yenye chaji mbili K ni milioni moja na n ni 2, kiongezeo 1 M. Wimbi la kwanza: log 11 ni 1.04, umesogea kama 61 mV. La pili: 6 toa 1.04, mara 59, karibu 293 mV. Umeona pengo la mawimbi lilivyokatika zaidi ya 230 mV na hakuna protoni hata moja iliyohama.

Ukichora ΔE dhidi ya log C na mkolezo ni mkubwa wa kutosha, mteremko ukigawanya kwa 59 unakupa n. Kwa wimbi la pili unapata tofauti ya n, sio n yenyewe, hapo watu huchanganya sana.

Kabla ya kutumia mlinganyo hakikisha kwamba kilele cha kwenda na cha kurudi bado vinaachana karibu 60 mV, hakijavimba wala hakijapotea, na urefu wa kilele unakua kwa mzizi wa kasi ya kuskani. Badilisha kasi, kutoka 50 mV kwa sekunde mpaka 5 V kwa sekunde kama mashine yako inaweza. Kama ukienda haraka kilele cha kurudi kinatokea na ukienda polepole kinapotea, kuna mmenyuko unafuata nyuma ya elektroni, yaani protoni inahama taratibu, na huo mlinganyo utakudanganya.

Na usimpuuze yule anayetoa bondi kwa mikono miwili. Urea zina NH mbili zinazoelekea upande mmoja, na kwinoni ambayo oksijeni zake ziko jirani kama fenanthrenikwinoni ikishapata elektroni inashikwa na urea kwa nguvu ambayo alkoholi ya kawaida haifiki hata kidogo. Kundi la Smith hilohilo walionyesha mwaka 1996. Bila elektroni hawashikani kwa maana yoyote, ukiipa elektroni wanakumbatiana, ukiichukua wanaachana. Mimi naona hili ni jambo zuri mno, unawasha na kuzima bondi kwa voteji.

#10 Mchangiaji

Dada yangu anapaka hina watu hapa Zanzibar, nimevutiwa na hilo la lawsoni 😊. Mbona umetaja OH moja? Ina maana hiyo OH nayo inatengeneza bondi na oksijeni ya jirani humohumo ndani?

#11 Mleta mada

Ndiyo mkuu, na hapa kuna utamu. Lawsoni ina ndugu yake juglonii, ya mti wa walnati, fomula ni ileile C₁₀H₆O₃, tofauti ni OH ilipokaa tu. Kwenye juglonii OH iko kwenye pete ya pili ikitazamana na oksijeni ya kwinoni, bondi ya hidrojeni inafunga mduara wa atomu sita, imekaa vizuri kabisa. Elektroni ikiingia ile H ipo tayari inaituliza, kwa hiyo kwenye kiyeyushi kisicho na protoni juglonii inapokea elektroni kirahisi kuliko naftokwinoni tupu. Ukiweka OH mbili za namna hiyo, ile wanaita naftazarini, ndio kirahisi zaidi.

Lawsoni OH yake iko kwenye pete yenyewe ya kwinoni. Mduara wa bondi ni wa atomu tano, umebanwa, hauna nguvu ileile. Halafu hiyo OH ni asidi hasa, pKa kama 4 kwenye maji, inakaribia asidi ya siki. Matokeo yake kwenye asetonitraili lawsoni inajichafulia yenyewe: molekuli iliyopokea elektroni inanyang'anya protoni kutoka kwa lawsoni nyingine ambayo haijapokea kitu. Sasa yule aliyenyang'anywa ana chaji hasi tayari, hataki elektroni mpaka ushuke chini sana. Ndio maana grafu ya lawsoni ina mawimbi ya ajabu na mkondo wa wimbi la kwanza ni mdogo kuliko unavyotegemea. Ukikutana na hilo usifikiri elektrodi imechafuka. Ongeza besi kidogo au asidi kidogo uone mawimbi yanavyojipanga, utajua nani ni nani.

#12 Mchangiaji

Umetaja jani na malaria kule juu ukapita. Tunasubiri mkuu.

#13 Mleta mada

Nakuja hapohapo.

Bakteria anayeitwa Rhodobacter sphaeroides anafanya usanisinuru na ana kwinoni mbili zinazofuatana, QA na QB. Zote mbili ni ubikwinoni ileile (kwinoni inayobeba elektroni ndani ya seli), molekuli moja haina tofauti na nyingine hata chembe. Lakini QA inapokea elektroni moja tu na kuipitisha, QB inapokea mbili na protoni mbili halafu inaondoka kwenda kazini. Kinachozitofautisha ni protini iliyozizunguka: nani amezishika kwa bondi ya hidrojeni, chaji gani ziko karibu, mikono ya methoksi imegeukia wapi, na QB ina njia ya protoni kuifikia wakati QA haina. Voteji zao zinapishana makumi tu ya milivolti na hiyo inatosha elektroni iende mbele isirudi. Wenye hamu watafute habari ya Deisenhofer, Huber na Michel, walipata Nobel 1988 kwa kuonyesha umbo la kituo cha namna hii cha bakteria wa jamii nyingine.

Kwenye mimea, fotosistemu ya kwanza (moja ya mitambo miwili ya kukamata mwanga) ina filokwinoni, yaani vitamini K1, na imeshikwa na bondi MOJA tu ya hidrojeni, upande mmoja, oksijeni ya pili imeachwa wazi. Voteji yake iko chini sana, miongoni mwa kwinoni zilizo chini kabisa kwenye viumbe. Bondi hiyo moja sio sababu pekee, chaji za jirani nazo zimo, ila unaona protini inavyokataa kuituliza ili iendelee kuwa na nguvu ya kumpa elektroni anayefuata.

Sasa malaria. Atovakwoni, ile inayochanganywa na proguanili, ni hidroksinaftokwinoni, yaani mgongo wake ni huohuo wa lawsoni ya hina. Inaingia kwenye mitokondria ya kijidudu, kwenye kimeng'enya cha bc1, mahali ambapo ubikwinoni yenye elektroni inakuja kuziachia. OH yake inashika histidini (asidi amino) ya protini ya Rieske, ambayo ni sehemu ya bc1, kwa bondi ya hidrojeni na inaziba mlango. Kijidudu akiwa ndani ya damu hata nishati yake haimtegemei sana huyu bc1, anachokosa ni ubikwinoni iliyomwagwa elektroni zake, na bila hiyo hawezi kutengeneza pirimidini za DNA. Ubaya ni kwamba badiliko moja tu kwenye saitokromu b (sehemu nyingine ya bc1), asidi amino namba 268, linatosha dawa isishike, ndio maana haitolewi peke yake.

#14 Mchangiaji

Duh. Na zile betri za kwinoni za Harvard nazo ni mambo haya haya?

#15 Mleta mada

Ndiyo mkuu, ya 2014 ni antrakwinoni yenye sulfoneti mbili kwenye asidi ya salfuriki, upande wa pili bromini. Kwenye asidi elektroni mbili na protoni mbili zinaingia kwa pamoja na kwa haraka bila kuhitaji kichocheo cha metali ghali, kaboni tu inatosha. Mwaka uliofuata wakaenda upande wa besi kali, antrakwinoni yenye OH mbili na ferosianidi. Huko pH iko juu mno, zile OH zimeshaachia protoni zao, na kwinoni ikijaa elektroni inabaki na chaji zake hasi bila protoni ya kuituliza. Voteji yake inashuka chini zaidi, na kwa upande hasi wa betri kushuka ndio faida, unapata volti nyingi zaidi kwa seli. Kwa hiyo mdogo wangu #8, kama kiongezeo chako kinasogeza wimbi kwenda chanya, jiulize kwanza unaitaka kwinoni ya upande gani wa betri kabla hujaandika kwamba "imeboreka".

Weka grafu zako hapa, ile ya kiyeyushi kitupu, ya kwinoni peke yake, na za kasi tofauti, tuzisome pamoja.